Bangili ya Mwali

Bangili ilimchomoka mwali mkononi, ikabiringika sakafuni mpaka miguuni kwa Mwanakombo.

Mwanakombo aliitazama asiamini. Yeye ndiye somo, kungwi wake, aliyemvisha bangili ile kwa sabuni kwa jinsi ilivyombana siku alipomweka ndani, na tangu hapo alikuwa akimletea uji wa samli asubuhi na jioni. Harusi ilikuwa Ijumaa, na mwali amebaki mifupa. Temeke nzima ingesema amemnyima chakula.

Akainua godoro aone kama chakula kinafichwa. Palikuwa na chupa ya vidonge na paketi mbili za sigara. Kumbe udi aliokuwa akiuomba mwali kila siku ulikuwa wa kuficha moshi.

"Vitu gani hivi?"

"Dawa ya kukondesha, somo. Njaa ikinizidi navuta sigara, inatulia."

"Kakupa nani?"

"Bwana harusi. Kainunua duka la dawa kule Uzunguni. Anataka niwe kama wanawake wa sinema."

Mwezi mzima Mwanakombo alikuwa akimnenepesha binti kwa ajili ya mwanamume yule yule.

Ndipo akaona shanga za shingoni mwa mwali zinarukaruka, na mwenyewe amekaa tu. Akamwekea kiganja kifuani. Moyo ulikuwa ukienda mbio kama mtu anayefukuzwa.

"Uko hivyo tangu asubuhi," mwali akasema, akitabasamu.

Moyo ukakimbia, ukajikwaa, ukakimbia tena. Kisha kiganja cha Mwanakombo hakikusikia kitu.