Kikaango cha Bi Zawena

"Zima jiko, Bi Zawena! Moshi wa pilipili kama huu mataifa yameupiga marufuku hata vitani!" Koplo Mbwiga alifoka huku machozi yakimtiririka, ameshakwapua kikaango cha jirani yake huyo akipeleke kituo cha polisi, na wageni waliojaa uani hawajala.

"Na mabomu ya machozi mliyoturushia jana sokoni?"

"Yale ya kutuliza ghasia. Mkataba wa silaha za kemikali unawakataza wanajeshi vitani, polisi tunaruhusiwa."

"Ala! Kumbe adui wa vitani ana mkataba wa kumlinda, mimi muuza nyanya sina?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Koplo akafungua mdomo ajibu, akapiga chafya tatu, mchuzi wa kikaangoni ukamwagikia buti.

Bi Zawena akakipokea kikaango, akampa ncha ya khanga ajifute.

"Vua viatu, mwanangu, uingie ule. Kofia iache nje."