Kitasa cha Kumi na Tisa

Kitasa hakikuvunjwa. Hapo ndipo akili ya Fundi Kitasa ilipogoma.

Alikifunga mwenyewe wiki mbili zilizopita, siku benki ilipowatoa wenye nyumba. Chuma kipya, funguo mbili tu: mmoja kwa dalali wa mnada, mmoja kwake. Leo amepita kukagua, anakuta sakafu imepigwa deki! Ndoo imefunikwa kwenye kona, bado ina unyevu. Na kwenye msumari nyuma ya mlango, kitambaa cha kichwa, maua ya njano.

Alikijua kitambaa kile. Alikinunua yeye, akampa mkewe.



Mtaa ule siku hizi kila ukuta wa tatu una maandishi mekundu: INAUZWA KWA AMRI YA BENKI. Zamani alibadilisha kitasa kimoja kwa mwezi. Sasa vitatu kwa siku. Kazi ikipatikana, dalali humtumia picha ya kitasa kwenye simu siku moja kabla, ili abebe saizi inayofaa. Asubuhi ndipo anamwambia nyumba iko wapi.

"Malipo nyumba ikiuzwa, fundi wangu," dalali huwa anamwambia.

Sasa nani anunue? Nyumba zimejaa sokoni, bei inashuka kila wiki, na wenye pesa wamekaa pembeni wanangoja ishuke tena. Basi nyumba zinabaki tupu, miezi na miezi. Raha kwa panya. Raha kwa wezi. Na raha kwa wapenzi, Fundi akawaza, na wazo hilo likamchoma kama cheche.

Alirudi kwake mbio. Mlangoni akasimama, kama kawaida yake, kukitazama kitasa chake. Shaba tupu, kichwa cha simba, mdomo wazi. Alikichonga kwa mkono wiki ya harusi. Mji mzima hakuna cha pili. "Humu simba ni mmoja tu," alimwambia bibi harusi siku ile, wakacheka mpaka machozi.

Leo hakucheka. Aliingia moja kwa moja hadi kwenye ukuta anapotundika funguo za akiba, kila mmoja na kibati chake cha namba. Kumi na saba, upo. Kumi na nane, upo. Kumi na tisa, wa nyumba ile, msumari mtupu.

"Ufunguo wa kumi na tisa uko wapi?"

"Kwani mimi ndiye fundi?" Mkewe alikuwa anakunja nguo za watoto, hakugeuka. "Si ulisema mwenyewe? Karatasi zangu, chuma chako."

Ni kweli alisema. Tangu wakope benki pesa za ile mashine ya kuchongea funguo, bahasha yoyote ikifika pale anamsukumia mkewe, hata haichani. Karatasi humtia usingizi.

"Na yule wa pikapu? Nimeambiwa mmeonekana mkiongea. Mara mbili!"

"Anahamisha watu. Unamjua."

"Namjua. Ana mabega."

Mkewe akacheka, kicheko kifupi, kikakatika katikati. "Baba Pacha, kale ulale," akasema, akaendelea kukunja. Alikunja nguo nyingi mno. Anamfulia nani zote hizi, Fundi akajiuliza, anajipambia nani?

Kesho yake hakwenda kazini. Saa nne asubuhi alikuwa amejibana nyuma ya mlango wa jiko wa nyumba ile tupu. Aliingia kwa waya, kama mwizi wa kazi yake mwenyewe. Bisibisi mkononi, jasho mgongoni.

Pikapu ikasimama nje.

Ufunguo ukazunguka kwenye kitasa, laini kabisa. Ni yeye aliyekipaka mafuta.

"Polepole, majirani wasisikie." Sauti ya mkewe.

"Niweke wapi, dada?" Sauti nzito. Ya mabega.

"Chumbani."

Fundi akachungulia kwenye upenyo. Wamebeba godoro. Godoro! Na si godoro lolote, ni lile la kitandani kwake, lenye doa la chai aliloliacha yeye mwenyewe Jumapili iliyopita. Yaani hawana hata haya ya kutafuta lao?

"Mwenyewe anajua?" akauliza wa pikapu.

"Bado. Nimeshindwa kumwambia. Kesho atajua tu."

Hapo Fundi akashindwa kuvumilia. Akausukuma mlango kwa teke, bisibisi juu.

"Nimejua leo! Leo hii! Kwenye godoro langu!"

Wa pikapu akaachia upande wake, akarudi nyuma mpaka ukutani, mikono juu. "Mzee, mimi nimekodiwa tu! Mwulize mama!"

Mkewe hakukimbia. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya godoro, akamtazama Fundi kuanzia viatu mpaka bisibisi, macho mekundu ya mtu asiyelala siku nyingi.

"Ulidhani nina bwana," akasema taratibu. "Ningekuwa na nguvu hizo, baba watoto, ningeshukuru."

"Basi nini hiki? Sema!"

"Dalali hajakutumia picha ya kesho?"

"Usinibadilishie mada!"

Simu ikalia mfukoni mwake. Akaitoa kwa hasira, ili aizime. Jina la dalali, na maneno machache: *Fundi wangu, ya kesho hii hapa. Kitasa cha ajabu, sijawahi kukiona. Beba vifaa vyote.*

Chini yake picha ikaanza kufunguka, polepole kwa sababu ya mtandao. Mlango. Shaba. Halafu simba, mdomo wazi.