Foleni ya Daktari Atupele

Nilikuwa natua kapu la majani ya chai niliposikia makofi ya ule mchezo wa daktari wa meno kwenye simu yangu. Simu hupiga makofi kila mtoto anapong'oa jino bovu.

Nikasukuma mlango. Atupele, binti yangu wa miaka mitano, alikuwa amepiga magoti kitandani. Mdogo wake wa miezi sita alilala chali mbele yake, akicheka. Plaizi ya baba yao, ile ya kutengenezea pikipiki, ilikuwa tayari mdomoni mwa mtoto. Udenda uliochanganyika na grisi nyeusi ulikuwa unamshuka kidevuni.

Ningepiga kelele, mkono ule ungeshtuka.

"Daktari," nikaita polepole, "jino linaniuma sana. Anza na mimi."

"Kaa kwenye foleni, mama." Hakugeuka. Alikuwa ametoa ncha ya ulimi, kama anavyofanya akiandika jina lake.

Nikasogea hatua moja. "Mwanangu, huyo bado hajaota meno."

"Anayo ya plastiki, yamejificha ndani ya ufizi. Ndiyo yanayomharisha. Jana bibi alisema yang'olewe."

Huko nyuma ya nyumba nilimsikia mama mkwe akimenya ndizi, akiimba.

"Bibi alikosea, Atupele."

Hapo akageuka kunitazama. Plaizi ilikuwa imebana ufizi.

"Sasa mbona jana wewe ulinyamaza?"

Mtoto akaacha kucheka.