Samaki Hawali Leo

Asubuhi hiyo tena Bi Mwanamina alikataa kuuza chambo, na sanduku lake lilikuwa limejaa ngisi hadi kifuniko hakifungi.

"Leo samaki hawali," aliwaambia wavuvi waliosimama mlangoni pake, mtaani Shella, Malindi. "Upepo wa matlai umekutana na maji ya kupwa. Nendeni mkalale."

Wakageuka. Wanaume wazima wa boti kumi na mbili, mishipi mikononi, kama watoto waliofukuzwa chuo cha Kurani.

Farid hakugeuka. Alikuwa mkwewe Bi Mwanamina, mume wa bintiye Wafa, mtu wa Kilifi aliyehamia Malindi mwaka juzi. Tangu alfajiri alikuwa hajatulia: akikaa anasimama, akisimama anatembea, na mkono hautoki kwenye daftari lililokunjwa mfukoni. Miezi kumi na minne alikuwa akiandika humo upepo unavuma kutoka wapi, maji yanajaa au yanapwa, na samaki wangapi wamepatikana. Kusi au kaskazi, mvua au jua, hesabu haikupishana sana. Safu moja tu ilikuwa tupu, ya matlai na maji ya kupwa, kwa kuwa siku hizo hakuna aliyetoka.

"Mama, usinikasirikie," alisema. "Haya ya upepo umeyajuaje?"

"Nimefunzwa na bahari, mwanangu. Marehemu mume wangu, Nasor, alitoka siku kama hii. Ikamchukua, na hata mkia wa samaki hakuupata. Alikufa bure."

Hadithi hiyo Malindi nzima iliijua. Bi Mwanamina alikuwa akikibana kifuniko kwa mipira ya baiskeli. Sanduku lenyewe lilikuwa la barafu, la buluu, limepauka kwa jua. Wafa alimnunulia jipya. Mama akalitia nguo.

Farid aliwafuata wenzake ufukweni.

"Mtu mmoja, nchi kavu, awaamulie nyote!" alisema. "Redio ikitangaza mawimbi makubwa mnatoka. Bi Mwanamina akisema samaki hawali, mnalala."

"Redio hutangaza kila wiki," alijibu Garama, nahodha mkongwe kuliko wote. "Kufa ni amri ya Mungu, bwana. Lakini kuchoma mafuta nirudi mtupu, huo ni ujinga wangu mwenyewe."

"Na kama anakosea?"

"Muuzaji anayefunga duka likiwa limejaa, atanidanganya kwa faida gani? Angesema samaki hula kila siku, hapo ningemshuku."

"Nikirudi nao je?"

"Ukirudi nao, matlai hii ni ya siku tatu. Kesho boti zote zitatoka, na mkweo hatumsikilizi tena. Ukirudi mtupu, daftari lako tunampa Raihana afungie wateja viazi karai."

Watu walicheka. Farid hakucheka. Alitafuta kamba wa chambo mwenyewe, akamchukua mvuvi mwenzake Uweis, ambaye tangu utotoni hakujua kumkatalia mtu, wakatoka.

Kwenye mlango wa mwamba maji yaliyokuwa yakitoka yalikuwa yamegongana na upepo uliokuwa ukiingia, mawimbi yamesimama kama kuta. Boti ilipanda, mashine ikapiga kelele hewani, ikashuka kwa kishindo. Uweis akatamka shahada kwa sauti.

"Bado, wewe!" Farid alimwambia. "Ngoja kwanza uone samaki."

Nao waliwaona. Nje ya mwamba mshipi haukufika chini. Changu, tewa, changu tena, wawili wawili kwa mshipi mmoja. Hata saa mbili hazikutimia, sanduku lao likajaa. Farid akatoa daftari, na kwa mkono uliolowa akaandika kwenye ile safu tupu.

Wakati wa kurudi, pale pale mlangoni, wimbi liliwatokea nyuma likailaza boti ubavu. Likachukua kasia, likachukua dumu la mafuta, likamchukua na Uweis. Farid alimdaka shati. Alimvuta mpaka kucha zikatoka damu, na boti ikasukumwa ndani ya mwamba nusu imejaa maji. Sanduku lilikuwa limefungwa kwa kamba. Halikupungua hata samaki mmoja. Walipokaribia ufukwe, Farid alikuwa ameshaanza kuwaza uso wa Garama utakavyokuwa.

Bi Mwanamina alikuwa amesimama majini, buibui limelowa hadi magotini. Hakuna aliyewahi kumwona akishuka ufukweni. Alimtazama Farid, kisha Uweis, kisha Farid tena, kama mtu anayehesabu.

"Shikamoo, mama." Farid alifunua sanduku. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalitoka madogo. "Wamekula."

"Marahaba. Najua."

"Unajua?"

Huko juu ya ufukwe watu walikuwa wameiona boti. Garama alikuwa mbele, anakuja mbio, na wengine nyuma yake.

"Lile sanduku langu la buluu lilikuwa la Nasor," alisema Bi Mwanamina, upesi upesi, bila kumtazama. "Lilifika hapa siku moja kabla ya mwili wake. Nililiokota mwenyewe, alfajiri, nikawafukia wale changu mchangani kabla watu hawajaamka. Lilikuwa limejaa kuliko hili lako."

Garama alifika akihema. "Haya, mwenye daftari! Wamekula?"

Farid alishusha kifuniko, akakikalia. Uweis, meno yakimgongana, akaja akakaa kando yake.

"Hata mmoja," alisema Farid. "Mpelekeeni Raihana daftari."