Mtambo wa Shaweji

Mtambo wa redio ya Shaweji ulizimika asubuhi, na fundi pekee mjini aliyeweza kuufufua alikuwa Mwanahawa. Mwaka uliopita mdogo wake, Ngwali, aliuawa na kundi la watu baada ya Shaweji kumtangaza redioni kuwa mwizi wa watoto.

Mwanahawa alifungua mtambo. Chipu iliyohifadhi maagizo ya kuuendesha ilikuwa imeanza kufa. Akaibandua kwa hewa ya moto, akanakili kwenye kompyuta yake yote yaliyomo, akayahamishia kwenye chipu mpya, kisha akaichomelea mahali pake, kijiguu chake kimoja cha chuma baada ya kingine.

Akawasha. Taa nyekundu ya kuonyesha kuwa sauti inakwenda hewani ilipowaka, aliifunika kwa kitambaa chake cha kazi. Shaweji, aliyekaa mbele ya kipaza sauti, hakuiona.

"Bado?" akauliza.

"Kidogo tu. Bwana Shaweji, ulijua Ngwali hana hatia?"

"Dada, hayo yamepita."

"Tuko wawili tu humu. Nataka kujua."

Shaweji alishusha pumzi. "Nilijua. Yule mtoto aliyepotea alikuwa ameshapatikana kwa shangazi yake. Lakini mji mzima ulikuwa unanisikiliza. Ningeanzaje kujikana?"

Mwanahawa alikusanya vifaa vyake taratibu, akatoka, akauacha mlango wazi.

Kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara watu walikuwa wameizunguka redio, mmoja kanyolewa upande mmoja tu. Wote walikuwa wamegeuka kuutazama ule mlango.