Mwisho wa Hadithi ya Njiwa

Msimamizi aliweka karatasi juu ya meza ya kupigia pasi, kando ya shati jeupe lililoungua mgongoni. Alama ya pasi ilikaa pale kama jani kavu.

"Tia saini kwamba umeliunguza wewe," alimwambia mpiga pasi aliyeitwa Kimya. "Tajiri anataka mtu mmoja wa kufukuza. Asipompata, anawafukuza wote."

Kimya hakuligusa shati lile. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyelisahau chini ya pasi akipiga soga kwenye simu, na wapiga pasi wote sita walimwona.

"Mkumbuke yule njiwa, mwanangu," msimamizi alisema kwa upole. "Mwewe alipotaka mwenye kosa, si alijitokeza yeye? Kundi zima likapona."

Wanawake waliopiga pasi pamoja naye wakainamisha vichwa. Kila mmoja alilelewa na hadithi ile.

Kimya aliishia darasa la nne, na mbele za watu sauti humkauka. Lakini hadithi hiyo bibi yake alimsimulia yote.

"Umeishia njiani, mzee," alisema. "Kundi lilipona siku moja tu. Kesho yake mwewe alirudi, akauliza, 'Leo nani ana kosa?'"

"Ndivyo inavyokwisha," mpiga pasi mmoja akaguna.

"Huna hata cheti cha msingi, leo unanifundisha mimi hadithi?" msimamizi alimfokea Kimya.

Kimya akamsogezea karatasi, kisha kalamu.

"Tia saini wewe, mzee. Tulikuona."

Nyuma yake pasi zikaanza kuzimwa, moja baada ya nyingine.