Kona ya Kushoto

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, kigari cha mbio kilikataa kona ya kushoto na kumwingiza Ndalahwa kwenye lundo la mapanki, mifupa ya sangara iliyoanikwa.

Alitoka anatema mate, uti wa sangara umening'inia begani, funza wawili wanatambaa kwenye kola ya shati lake la hariri. Venant, fundi wake, alimwona kinyaa. Wala si kwa sababu ya funza. Ndalahwa alimfuata pale aliposimama, akajipangusa mikono kwenye ovaroli ya fundi, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Fundi gani wewe? Kulia kinakata vizuri, kushoto kinakwenda kama ng'ombe aliyeona maji. Jumapili kikinifanyia hivi mbele za watu, unahama bandani kwangu siku hiyo hiyo, wewe na mitungi yako ya gesi."

Akaenda nyumbani kuoga. Harufu yake ilibaki.

Banda la kulehemu lilikuwa kwenye kiwanja cha Ndalahwa, hapo Pasiansi, na Venant hakuwa na pengine pa kwenda. Miaka kumi na miwili ya jina zuri, na sasa jina lote limekwama kwenye kona moja ya uwanja wa kuanikia mifupa ya samaki!

Ndalahwa alikuwa wakala wa samaki. Wavuvi walimletea sangara upande wa ziwani, akawapimia kwenye mzani wa kupokelea. Jioni samaki waliwekwa kwenye mzani wa kupakilia, upande wa barabarani, wakaingia kwenye gari la kiwanda. Tangu biashara ifunguliwe alikuwa amenenepa mwili na mdomo. Kigari kilikuja ndani ya kontena la mitumba, mwaka ule wa tisini na sita, na mawakala wenzake watatu walipokiona wakaagiza vyao. Ndipo wakatangaza mashindano. Watu wazima wenye vitambi, magoti yamegusa kidevu, wanazunguka uwanja unaonuka. Venant aliwaona kinyaa wote wanne.

Lakini chombo chenyewe alikielewa. Kigari cha namna hii hakina springi, na tairi mbili za nyuma zimefungwa kwenye ekseli moja, zinazunguka pamoja. Kwenye kona, tairi ya ndani lazima inyanyuke kidogo. Isiponyanyuka inaburuza, na kigari kinakwenda moja kwa moja. Ili inyanyuke sawasawa kulia na kushoto, uzito wa pande mbili lazima ulingane.

Na aliulinganisha. Alhamisi, Ndalahwa alipokuwa msibani Kisesa, Venant aliazima mizani yote miwili akaiweka sambamba. Tairi za kushoto juu ya mmoja, za kulia juu ya mwingine. Dorotea, karani mpya mwenye unene kama wa bosi wake, akakubali kukaa kitini huku anacheka. Upande wa kushoto ulionekana mwepesi mno. Venant akasogeza kiti kushoto, akafunga na vipande vya risasi vya kuongeza uzito upande huo, mpaka mishale yote miwili ikasimama kwenye sabini na nane.

Sasa, bosi akiwa bado anaoga, alirudia kazi yote. Akapunguza upepo tairi za nyuma. Akatanua nafasi kati ya za mbele. Akakaza upya bolti za kiti. Akamwita Dorotea, akapima tena: sabini na nane kwa sabini na nane. Hapo akaanza kujitilia shaka yeye mwenyewe, na hilo lilimchefua kuliko mapanki.

Alikuwa amemaliza kurudisha mizani mahali pake Ndalahwa aliporejea, amejipaka mafuta, ananukia karafuu na samaki. Mzee Otuoma, baba mkwe wa Venant, alikuwa akisubiri na sangara wake. Sangara akawekwa kwenye mzani wa kupokelea. Ndalahwa akatazama mshale huku anachokonoa meno kwa kalamu ya Dorotea.

"Ishirini na nne."

"Tumembeba watu wawili huyu, tukapumzika njiani," alisema Otuoma. "Ishirini na nne tu?"

"Samaki wako wananyauka njiani, mzee. Uwe unawahi." Akamrudishia Dorotea kalamu, ncha imelowa mate.

Venant akageuza uso. Angeweza kumtetea mkwewe, lakini aliliwazia banda akarudi kwenye kigari. Kwa hilo akajichukia siku nzima.

Jumapili, baada ya misa, wavuvi walijaa kandokando ya uwanja. Otuoma alisimama mbele. Bendera iliposhuka, Ndalahwa aliongoza, na kona ya kwanza, ya kulia, aliikata hadi watu wakapiga makofi. Kisha ikaja ya kushoto. Alizungusha usukani mpaka mwisho. Kigari kikanyoosha, lundo likampokea.

Wavuvi walicheka hadi wengine wakakaa chini.

Ndalahwa aliibuka, akatoa kitu mdomoni kwa vidole, akakitazama, akakitupa. "Hama!" alimfokea Venant. "Hama leo hii! Umeniaibisha. Hukupima chochote wewe!"

"Nimepima, bosi." Venant alipaza sauti ili watu wote wasikie, maana jina lake ndilo pekee alilobaki nalo. "Nimepima mara mbili. Kushoto kwenye mzani wa kupokelea, kulia kwenye wa kupakilia. Kilo zilikuwa sawa kabisa."

"Mjinga mkubwa!" Ndalahwa alipiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka. "Nani alikwambia mzani wa kupokelea unapima kweli?"

Wavuvi wakaacha kucheka.